Umeme Ukikatika: Jinsi ya Kuifanya Kompyuta Iwake Yenyewe



Huku Rumonge na kandokando ya Ziwa Tanganyika umeme hukatika mara kwa mara, hasa majira ya mvua na radi. Ukirudi usiku taa zinawaka, lakini kompyuta ya mezani inabaki imezimika. Asubuhi akina mama wako kwenye foleni na watoto mgongoni, na orodha ya chanjo imo ndani ya mashine iliyolala. Tatizo hili lina dawa, tena ya bure.

Ndani ya kompyuta nyingi mna programu ya msingi ambayo kwa kawaida huitwa BIOS. Hiyo ndiyo inayoamua mashine ifanye nini umeme ukirudi. Fuata hatua hizi:

1. Zima kompyuta vizuri, kisha iwashe. Papo hapo bonyeza mara nyingi kitufe cha Del au F2. Kwa aina nyingine ni F10.

2. Tafuta sehemu ya umeme, "Power". Humo utaona maneno kama "AC Power Loss", "After Power Failure" au "AC Recovery".

3. Badilisha "Off" iwe "On". Ukichagua "Last State", mashine itawaka tu kama ilikuwa inawaka umeme ulipokatika.

4. Hifadhi, mara nyingi kwa F10, kisha toka.

5. Fanya jaribio. Zima kompyuta kwa njia ya kawaida, kata umeme ukutani, ngoja nusu dakika, urudishe. Kama uliweka "On", itawaka.

Angalia na tarehe. Saa ya kompyuta inatunzwa na betri ndogo ya mviringo, mara nyingi CR2032. Ikiisha, tarehe inarudi miaka ya nyuma, na mtoto anaweza kuandikiwa siku ya chanjo isiyo ya kweli. Kwa hiyo kila umeme ukirudi, soma tarehe kabla ya kuandika jina la mtu.

Kumbuka: kuwaka yenyewe si kinga. Kazi ambayo haikuhifadhiwa inapotea, na umeme unaorudi kwa nguvu unaweza kuunguza mashine. Tumia stabilaiza, na radi ikianza, zima na uchomoe waya. Laptopu ina betri yake, haihitaji hatua hizi kama betri ni nzima.

Nanyi akina mama, tunzeni kadi ya chanjo ndani ya mfuko wa nailoni. Karatasi haingojei umeme.