Kilwa Kisiwani: Bahari Yala Ukuta

Ukivuka kwa mashua kutoka Kilwa Masoko, kusini mwa Tanzania, cha kwanza kukukabili kisiwani ni Gereza. Ngome hii ya Waomani imesimama ufuoni kabisa, na bahari imekwisha kula sehemu ya ukuta wake wa upande wa maji. Mawe yaliyoanguka hufunikwa na maji yakijaa, hufunuliwa yakipwa.

Habari za utukufu wa Kilwa msomaji huenda anazo: dhahabu ya Sofala, sarafu zilizopigwa kwa majina ya masultani, na Ibn Battuta aliyefika mwaka 1331 akausifu mji. Wareno waliupora mwaka 1505. Msikiti Mkuu na kuba zake ungalipo. Nalivua viatu nikaingia, ingawa hapana jamvi. Niliiona pia Husuni Kubwa, kasri la Sultani al-Hasan bin Sulaiman, na birika lake la pembe nane likitazama bahari. Fahari, naam, tena fahari ya kupita kiasi.

Lakini moyo wangu ulibaki kwenye msikiti mdogo karibu na Gereza. Waitwa Msikiti wa Malindi, na husemekana ni kazi ya watu waliotoka Malindi hii yetu. Pembeni mwake pana makaburi, na ufuo unazidi kuyasogelea.

"Shekhe," aliniambia kijana wa mashua, "mikoko ikikatwa, mchanga hauna wa kuushika."

Sisi watunzi tuna ada yetu: tukiona gofu, twailaumu dunia na hadaa zake, kisha twenda zetu. Kwa Kilwa ada hiyo ni uvivu. Mji huu uliingia orodha ya urithi wa dunia mwaka 1981, na mwaka 2004 ukatiwa katika orodha ya urithi ulio hatarini, mmomonyoko wa ufuo ukiwa miongoni mwa sababu. Kuta zikatengenezwa, mikoko ikapandwa, na mwaka 2014 Kilwa ikatolewa humo. Kadari haikubadilika, watu walishika majembe. Hata hivyo bahari haina likizo, na mkoko mchanga hauwi boma kwa siku moja.

Nilichutama kwenye makaburi ya Wamalindi nikawasomea Fatiha. Maji yalikuwa yanaanza kujaa.