Jarida la siku tatu

Nilikuwa likizo nyumbani Kigoma, mtaa wa Kasingirima, nimekaa barazani na kikombe cha kahawa, bajaji ikasimama. Akashuka kijana wa mtaani kwetu. "Shikamoo, dokta." Marahaba, karibu ukae. Hakukaa. Amemaliza uzamili wa uchumi, kuna chuo kimetangaza nafasi za wahadhiri wasaidizi, na anataka jina la jarida linalotoa makala haraka. "Kuna hili limeniahidi siku tatu. Dola 120." Akaninyooshea simu nisome mwenyewe.

Huyo ni wa nne mwaka huu. Wa kwanza nilimjibu kwa upole, wa pili nilimwandikia barua pepe ndefu, wa tatu nilimwambia nina kikao. Sasa naandika mara moja, atakayekuja nimpe gazeti.

Jarida la siku tatu halipo. Lililopo ni duka. Jarida la uchumi linalojiheshimu huipeleka makala yako kwa wahakiki wawili au watatu wenye kazi zao, wasiokujua wala kukuonea haya. Watakaa nayo miezi. Watairudisha na kurasa za maswali, utasahihisha, itarudi tena. Mwaka mmoja ni kasi nzuri. Miwili si ajabu. Anayesema ameyamaliza hayo kwa siku tatu hajaisoma makala yako. Alichosoma ni ujumbe wa benki.

Mnaniambia: lakini dokta, lina ISSN! Jamani. ISSN ni tarakimu nane za kutambulisha chapisho linalotoka mfululizo, basi. Ni kama namba ya usajili kwenye bajaji: inakuambia bajaji ipi, haikuambii breki zinashika. Na ile "impakti" wanayoiandika kwa rangi nyekundu ukurasa wa mbele? Inayotambulika hukokotolewa na kampuni ya Clarivate kutokana na mara ngapi makala za jarida zimenukuliwa na wengine. Vishoka wana kampuni zao za kuwauzia namba nyingine, zenye jina linalofanana. Kuonekana Google Scholar nako si cheti, kwa sababu mashine ile inaokota karibu kila kitu kilichovaa sura ya makala.

Mwaka 2013 mwandishi wa habari za sayansi, John Bohannon, alitunga utafiti wa uongo kuhusu dawa ya saratani, akaujaza makosa ambayo mwanafunzi wa kemia angeyaona, akausambaza kwa majarida 304 yanayotoza waandishi. Majarida 157 yaliukubali. Baadhi yao yalimsifu, yakamwomba arekebishe mpangilio wa marejeo tu, kisha atume pesa.

Kinachoniudhi zaidi ni imani iliyo chini ya swali lenyewe. Mnadhani makala ni kama cheti cha kuzaliwa: ukiwa nacho unacho, hakuna atakayeuliza mkunga alikuwa nani. Atauliza. Nimekaa kwenye jopo la usaili ambapo msailiwa alikuja na makala tano, zote za mwaka mmoja. Hatukumuuliza habari za majarida. Tulimuuliza kwa nini kaya zilizo kwenye jedwali la tatu ni chache kuliko zilizo kwenye jedwali la pili, zimeenda wapi. Alitazama karatasi yake kwa muda mrefu kweli, halafu akasema mhariri ndiye aliyepanga majedwali. Hapo hata mwenyekiti aliyekuwa anasinzia aliinua kichwa.

Mbona mawese tunajua kuyanunua? Mtazame mnunuzi anayeyapeleka Tabora au Mwanza. Hasomi kilichoandikwa kwenye dumu. Anafungua kifuniko, anachovya kijiti mpaka chini kabisa, anayanusa, anadondosha tone kiganjani na kulisugua kwa kidole gumba kuona kama yametiwa maji. Swali la jedwali la tatu ndicho kijiti chetu.

Na hili mlilisoma darasani, ndiyo maana sina huruma. Kwenye makala yake moja, George Akerlof alieleza soko ambalo mnunuzi hawezi kutofautisha gari zuri na bovu: bei inashuka, wenye magari mazuri wanajitoa, yanabaki mabovu. Makala hiyo ilikataliwa na majarida matatu kabla ya kutoka mwaka 1970. Mwaka 2001 mwenyewe akapata Nobeli, na makala hiyohiyo ikiwa sababu kubwa. Nyie mnafanya mtihani wa Akerlof asubuhi, jioni mnakwenda kuwa gari bovu, na mnawaharibia wenzenu waliosubiri miaka miwili, maana sasa kila orodha ndefu ya machapisho tunaisoma kwa kuinusa.

Lakini hasara kubwa si dola 120. Majarida ya maana hayapokei kazi iliyokwisha kutoka kwingine. Sura ya nne ya tasnifu yako, ile uliyozunguka Kasulu na Kibondo na dodoso mkononi, ukiitoa kwa kishoka umeichoma. Ukizinduka na kuomba waiondoe, watakudai ada ya kuiondoa, au hawatajibu kabisa.

Mtasema fulani alilipa na akapanda cheo. Wapo. Wapo pia walioshuka milima ya Uvinza na lori lisilo na breki wakafika salama.

Haya, cha kufanya, na nitakwenda mbio kwa sababu si siri. Matangazo ya nafasi hizi kwa kawaida huanza na alama za shahada, 3.8 ya kwanza na 4.0 ya uzamili. Kama huna, makala kumi hazitakufungulia mlango, tafuta taasisi ya utafiti. Kama unazo, beba makala moja tu unayoweza kuitetea ukiamshwa usiku. Andika na msimamizi wako, na usigombee jina la kwanza: wachumi kwa desturi tunajipanga kwa alfabeti. Kabla ya kutuma popote, isome mbele ya watu watakaokuumiza. Muungano wa utafiti wa uchumi Afrika, AERC, ulioanzishwa Nairobi mwaka 1988, umejengwa juu ya jambo hilohilo: unasimama kwenye warsha, unachanwa, unarekebisha, unarudi kuchanwa tena. Benno Ndulu aliuongoza kabla hajawa Gavana wa Benki Kuu, 2008 hadi 2018. Uzamivu wa ushirikiano wa AERC unatolewa pia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, omba. Takwimu si kisingizio: utafiti wa kaya wa kitaifa unaorudia baadhi ya kaya zilezile tangu 2008/09 unapakuliwa bure. Jarida lolote usilolijua, lisome matoleo mawili ya nyuma, kisha mwandikie mtu mmoja aliye kwenye bodi yake umuulize kama anajua yumo. Utashangaa majibu. Na tofautisha ada: yapo majarida ya heshima yanayotoza kabla ya kukusoma, na yakikukataa pesa hairudi. Hiyo ni ada ya kusomwa. Ya kishoka inadaiwa baada ya "hongera".

Mnalalamika hamna mada. Mmekaa juu yake. Watu kutoka Ulaya na Marekani wamejijengea majina kwa kuandika jinsi wakimbizi walivyobadilisha bei za vyakula Kigoma na Kagera, sisi tukiwa hapahapa tunanunua ndizi kwa bei hizo. Kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024 uvuvi katika Ziwa Tanganyika ulisimamishwa. Miezi mitatu mizima, tarehe ya kuanza na ya kuisha zinajulikana: mchumi anataka nini tena? Dagaa walipanda kiasi gani, nani alikula nini badala yake, mkopo wa nyavu ulilipwaje? Bei za kila siku zimo kwenye madaftari ya akina mama wanaonunua dagaa mwalo wa Kibirizi, kwa kalamu ya bluu, deni upande mmoja na mauzo upande mwingine. Yule kijana wa bajaji, kumbe mama yake mdogo analo moja. Nimemwambia aende kesho, amwamkie vizuri na aombe kulipiga picha ukurasa kwa ukurasa. Daftari likijaa, huku kwetu kurasa zake hufungiwa karanga.