Rola ya Kushindilia Udongo: Kuiunda kwa Pipa, Bomba au Gogo

Mbegu ndogo za malisho na nafaka mara nyingi hushindwa kuota si kwa kukosa mvua, bali kwa kukosa kugusana na udongo. Punje ya hindi huzikwa sentimita tano chini na imebeba akiba ya kuivusha siku kadhaa za dhiki. Mbegu ya nyasi za Boma Rhodes, ya klova, ya ulezi au ya tefu haina akiba hiyo. Gramu moja ya tefu ina mbegu kati ya 2,500 na 3,000, na kilo moja ya Boma Rhodes ina mbegu milioni kadhaa. Punje ndogo kiasi hicho ikizikwa zaidi ya sentimita moja au mbili, chipukizi lake huishiwa nguvu kabla ya kuona jua. Hivyo hulazimika kukaa kwenye tabaka la juu kabisa, ambalo ndilo la kwanza kukauka.

Udongo uliotoka kulimwa huongeza shida hiyo, kwa sababu umejaa mianya mikubwa yenye hewa tupu. Maji yaliyo chini hupanda kwa kupitia mianya myembamba kati ya chembe na chembe, kama mafuta ya taa yapandavyo kwenye utambi. Palipo na pengo pana, utambi umekatika. Mbegu iliyoangukia kwenye pengo hugusa udongo sehemu mbili tatu tu, hunyonya maji polepole, na pengine huanza kuota kisha ikafa. Kushindilia udongo ni kuyaziba mapengo hayo, kuvunja mabonge, na kuikandamiza mbegu mpaka iguswe na udongo pande zote.

Wakulima wameijua kanuni hii bila kusubiri mashine. Katika nyanda za juu za Ethiopia, shamba la tefu hulimwa mara kadhaa, kisha ng'ombe, mbuzi au kondoo hupitishwa humo walikanyage kabla mbegu haijamwagwa. Kwa mashine, Uingereza ya karne ya 19 ndiyo iliyotoa umbo linalotumika hadi leo: mwaka 1844 William Cambridge alipata hataza ya rola iliyoundwa kwa pete za chuma zenye migongo, kila pete ikizunguka peke yake kwenye ekseli moja. Mwishoni mwa karne hiyohiyo Hardy Webster Campbell, mkulima wa nyanda kavu za Marekani, alieneza chombo chake cha kushindilia udongo wa chini ili unyevu usipotee. Siku hizi huko Marekani wanaounda rola zao wenyewe ni wenye mashamba madogo, pamoja na wawindaji wanaopanda klova na mimea ya jamii ya kabichi kwenye vipande vya ardhi katikati ya misitu ili kuwavuta kulungu. Rola ya kiwandani ni chuma kizito, bei yake ni kubwa, na kwa mtu mwenye ekari moja au mbili haina hesabu. Mfugaji anayeotesha malisho karibu na Kitale au Iringa yumo katika hali ileile.

Kabla ya kuchagua vyuma, yafaa kuchagua uzito. Kinachohesabiwa ni uzito kwa kila mita ya upana, si uzito wa chombo kizima. Rola ya kilo 300 yenye upana wa mita tatu ni nyepesi kuliko gogo la kilo 120 lenye upana wa mita moja. Kwa mbegu ndogo, kilo 150 hadi 300 kwa mita hutosha katika udongo mwingi. Pipa la kawaida la lita 200 lina urefu wa sentimita 88 hivi na kipenyo cha sentimita 57 hadi 58. Likijazwa maji, uzito wake pamoja na bati hufika kilo 220, yaani kilo 250 kwa mita. Likijazwa mchanga mkavu hukaribia kilo 340. Likijazwa zege hukaribia nusu tani, na hapo ndipo wengi hukosea kwa kudhani kwamba kizito zaidi ni bora zaidi.

Hesabu nyingine husaidia kuona jambo hili. Mtu wa kilo 65 akisimama kwa mguu mmoja huikandamiza ardhi kwa karibu theluthi moja ya kilo katika kila sentimita ya mraba. Pipa la maji likiigusa ardhi kwa ukanda wa sentimita 10, mkandamizo wake ni kama robo kilo. Miguu ya binadamu, basi, inashindilia vizuri tu. Ndiyo maana kwa kitalu cha mchicha au vitunguu hakuna haja ya chombo chochote zaidi ya ubao uliolazwa juu ya tuta na mtu akaukanyaga. Rola inashinda kwa usawa na kasi. Inayopita mara moja kwa mwendo wa ng'ombe humaliza ekari kwa saa moja na nusu hivi, bila kuacha sehemu iliyosahauliwa.

Pipa la maji lina faida ambayo zege haina: uzito wake hubadilika. Udongo wa kichanga unahitaji mkandamizo mkubwa, wa mfinyanzi unahitaji mdogo, na pipa tupu hubebwa hadi shambani na watu wawili. Likiwa na maji nusu bado huzunguka vizuri kwa kuwa maji hubaki chini wakati wote. Mchanga hauna tabia hiyo. Pipa la mchanga lisilojaa humwaga mzigo wake ndani kwa ndani na kwenda kwa mishtuko, hivyo ama lijazwe kabisa ama lisijazwe.

Kazi inayoamua kama rola itakuwa chombo au kero ni kupata kitovu cha pipa. Ekseli ikikosea kitovu kwa sentimita moja, fremu hupanda na kushuka kila mzunguko, beringi huliwa, na mnyama hutikiswa shingoni. Njia rahisi ni ya skwea ya fundi. Kona ya skwea huwekwa kwenye ukingo wa duara, kisha hutiwa alama pale mikono yake miwili inapokata ukingo huo. Mstari unaounganisha alama hizo hupita katikati kabisa ya duara. Skwea ikihamishwa mahali pengine na mstari wa pili ukachorwa, mistari miwili hukutana kwenye kitovu. Upande wa pili wa pipa hupimwa hivyohivyo.

Ekseli nzuri ni bomba la chuma la inchi moja na nusu, lenye urefu wa mita 1.2, linalopita ndani ya pipa kutoka upande mmoja hadi mwingine na kubakiza sentimita 16 kila upande. Wapo wanaopunguza gharama kwa kuchomelea vipande viwili vifupi vya bomba nje ya pipa, kimoja kila upande. Hakuna upunguzaji mbaya kuliko huo, kwa sababu bati la pipa lina unene wa milimita moja tu na hupinda mpaka likapasuka. Hata bomba lipitalo katikati linahitaji sahani ya chuma nene kiasi, yenye upana wa sentimita 20, ichomelewe pale linapotokeza ili igawe mzigo na kuziba maji.

Hapa pana hatari isiyofanyiwa mzaha. Pipa lililowahi kuwa na petroli, dizeli, mafuta ya mashine au kiyeyushio hubaki na mvuke ndani hata likionekana kavu, na cheche moja ya kuchomelea hulilipua. Chaguo salama ni pipa lililobeba chakula, kama mafuta ya kula au molasi, na hata hilo lioshwe kwa maji ya moto na sabuni, vifuniko vyote viwe wazi, na lijazwe maji hadi karibu na mahali pa kuchomelea. Pipa lililobeba dawa za kuua wadudu lisitumike kabisa, kwani maji yatakayomwagwa baadaye yatabeba sumu hadi shambani.

Ekseli huzunguka ndani ya nini? Beringi za kununua ni nzuri, lakini vumbi la shamba huzimaliza upesi zisipopakwa grisi kila mara. Vipande viwili vya mti mgumu kama mkongo, vilivyotobolewa na kuzamishwa katika mafuta ya moto mpaka mapovu yaishe, hudumu misimu kadhaa na hutengenezwa upya kwa gharama ndogo. Mapovu hayo ni unyevu unaotoka kwenye mti; mafuta huingia mahali pake. Kipande kikipasuliwa nusu mbili na kufungwa kwa bolti, kukibadilisha hakuhitaji kuifumua fremu. Fremu yenyewe ni mstatili wa chuma cha pembe cha milimita 50 kwa 50, au wa mbao nene, wenye nafasi ya vidole vichache kati yake na pipa. Upande wa nyuma hufungwa ubapa wa chuma wa kukwangua matope, karibu na uso wa pipa bila kuligusa.

Kwa anayetaka chombo cha kudumu cha kuvutwa na trekta, bomba lililojazwa zege linafaa zaidi. Bomba la plastiki la kalvati, lenye migongo ya pete na kipenyo cha sentimita 30, likikatwa kwa urefu wa mita moja na nusu huchukua zege la kilo 250 hivi, yaani takriban kilo 170 kwa mita. Kwa mchanganyiko wa simenti moja, mchanga mbili na kokoto nne, mfuko mmoja wa kilo 50 unatosha na kubaki. Bomba husimamishwa wima, ekseli hushikwa katikati kwa mbao zilizotobolewa juu na chini, na zege humwagwa kwa tabaka huku likichokolewa kwa nondo ili hewa itoke. Vipande vya nondo huchomelewa kwenye ekseli kwa kupingana kabla ya kumwaga. Bila hivyo ekseli itakuja kuzunguka peke yake ndani ya zege. Zege lifunikwe magunia mabichi kwa siku saba, na lisibebeshwe kazi nzito kabla ya wiki nne. Rola ndefu kuliko hiyo igawanywe vipande viwili kwenye ekseli moja, kila kimoja kizunguke chenyewe, la sivyo wakati wa kukata kona itaburura udongo na mbegu pamoja.

Gogo nalo lisidharauliwe. Gogo lililonyooka la kipenyo cha sentimita 40 na urefu wa mita 1.2 lina kama kilo 120 likiwa la mti mzito, nalo, japo ni jepesi kuliko kipimo kilichotajwa juu, linatosha kwa ulezi. Hasara yake ni kupasuka kwa jua na kupoteza uduara. Matairi chakavu yaliyobanwa pamoja kwenye bomba, kama wafanyavyo baadhi ya wakulima wa Marekani, huacha mistari mizuri ardhini, ila ni mepesi mno bila mzigo juu ya fremu. Bomba jembamba la sentimita 15 halifai kwa kazi hii: badala ya kupanda juu ya udongo laini, huusukuma mbele yake.

Uso laini wa pipa una kasoro. Huacha ardhi ikiwa imelainishwa, na mvua kubwa ya kwanza huifanya gamba au kuisomba. Pete za nondo ya milimita 12, zikichomelewa kwa nukta nukta kila sentimita 10 au 12, hutoa migongo na mifereji midogo ambamo mbegu hutulia. Mzingo wa pipa ni mita 1.8, kwa hiyo nondo moja ya mita 12 hutoa pete sita. Fundi asiyezoea bati jembamba atalitoboa. Asiye na fundi wa namna hiyo anaweza kukokota tawi lenye miiba nyuma ya pipa laini, na uso ukakwaruzika vya kutosha.

Utaratibu wa shambani ni kushindilia, kumwaga mbegu, kushindilia tena. Mzunguko wa kwanza hutengeneza kitanda kigumu ili mbegu isizame; wa pili huifunika na kuikaza. Kipimo cha mzunguko wa kwanza ni nyayo: mtu mzima akitembea, kiatu kisizame zaidi ya sentimita moja. Kikizama hadi kisigino, udongo bado ni laini. Udongo uwe na unyevu kidogo, usishikamane na rola. Mfinyanzi ulioloa ukishindiliwa hugeuka tofali, na hakuna chipukizi la Boma Rhodes litakalolitoboa. Kwenye mteremko, rola ipite kukingama, kwa kuwa mistari inayoelekea chini hugeuka njia za maji.

Uvutaji hufuata uzito. Katika udongo laini, nguvu inayohitajika ni kati ya sehemu moja ya kumi na moja ya tano ya uzito wa rola, hivyo pipa la maji linadai kilo 25 hadi 45. Maksai wawili wa kilo 300 kila mmoja huweza kuvuta kama kilo 60 kwa saa kadhaa bila kuchoka vibaya. Punda wawili wapewe pipa la nusu. Kwenye miteremko, mnyororo peke yake ni hatari kwa sababu rola hukimbia na kuwagonga wanyama miguu ya nyuma. Nguzo ngumu iliyofungwa kati ya fremu na nira huizuia. Pikipiki ya magurudumu manne isifungiwe rola ya zege mlimani, kwani mzigo unaweza kuwa mzito kuliko pikipiki yenyewe na kuipindua.

Msimu ukiisha, maji yamwagwe yote na kifuniko kiachwe wazi kikitazama chini ili pipa likauke ndani. Udongo uliogandia kwenye pete ukwanguliwe, ekseli ipakwe grisi, na rola iinuliwe juu ya mawe mawili. Pipa lililoachwa juu ya majani mabichi huanza kuoza upande wa chini, na huvuja mara tu linapojazwa maji msimu unaofuata.