Ushuru Wako Hufanya Kazi Gani?

Wakulima wengi wa skimu huuliza: twatoa ushuru wa mazao, nao watufaa nini? Ni swali la haki. Jibu lake laonekana vizuri mjini, katika Mukuru kwa Reuben, karibu na viwanda vya Nairobi.

Wakazi wa Mukuru wengi ni watu wa vibarua na biashara ndogo. Kwa miaka mingi hawakuwa na mabomba ya kutosha. Je, waliokoa fedha kwa hiyo? La. Uchunguzi wa 2017 ulionyesha kwamba walinunua maji kwa bei inayozidi mara mbili ile ya mitaa yenye mabomba rasmi. Shilingi iliyokwisha katika mtungi wa maji hainunui tena kabichi wala maziwa. Basi hasara hiyo yamfikia hata mkulima aliye mbali.

Agosti 2017 Kaunti ya Nairobi ilitangaza Mukuru kuwa eneo la mpango maalum, lenye jamaa zaidi ya 100,000. Wenyeji walikutana, wakasema haja zao. Tangu 2020 barabara zimetengenezwa, na mabomba ya maji safi na machafu yamelazwa.

Fahamu sababu yake. Mtu mmoja hajengi barabara, kwa maana wote wataipita bila kumlipa. Kila mtu humngojea mwenzake, na matope hubaki. Lakini wote wakitoa kodi, lori hufika, nauli hupungua, mazao hayaozi, maduka hufunguliwa. Maduka nayo hulipa leseni, na mfuko wa kaunti hupata tena.

Mfuko ukiishia katika mishahara na safari, faida hiyo hukatika. Kwa hiyo sheria ya fedha ya 2012 yataka angalau asilimia 30 ya bajeti ya kaunti iende kwenye maendeleo.

Basi, mkulima, fanya haya:

1. Dai risiti kila utoapo ushuru. Fedha isiyo na risiti huenda isifike kwenye mfuko wa wote.

2. Hudhuria mikutano ya bajeti. Makadirio hupelekwa bunge la kaunti kabla ya Aprili 30. Ukija Julai umechelewa.

3. Patana kwanza na majirani juu ya haja moja: daraja, josho au barabara ya maziwa.

4. Kazi ikianza, ikagueni.

Mali bila daftari huisha bila habari.