Mwizi Anayesema kwa Jina Lako: Neno la Siri na Ishara Zilizofichwa Mtandaoni

Mwanafunzi wa lugha akisikia habari za udukuzi wa kompyuta, aghalabu hudhani kwamba jambo hilo ni la wenzetu wa kitivo cha sayansi: hesabu, nyaya na mashine. Katika makala hii nataka kuonyesha kwamba wizi mkubwa wa mitandaoni hufanyika kwa kiasi kikubwa kwa maneno. Mwizi havunji ukuta. Anajitambulisha kwa jina la mtu mwingine, anapokewa, kisha anawasiliana na wenzake walio nje kwa ishara ambazo walinzi huziona kila siku bila kuzitilia maanani. Nitaeleza hatua hizo mbili kwa visa viwili vinavyojulikana: wizi wa Benki Kuu ya Bangladesh mwaka 2016, na shambulio lililopewa jina la Sunburst, lililogunduliwa Marekani mwaka 2020. Mwishoni nitasema mambo hayo yanatuhusu vipi sisi tulio kitivoni.

Neno linalopita mikononi

Desturi ya kumtambua mtu kwa neno ni ya zamani kuliko kompyuta. Wasomaji wa Biblia wanakumbuka sura ya 12 ya kitabu cha Waamuzi. Watu wa Gileadi walishika vivuko vya mto Yordani, na kila aliyetaka kuvuka aliambiwa atamke neno «Shibolethi». Waefraimu walilitamka «Sibolethi», wakatambulikana na kuuawa. Kwa mwanaisimu, jaribio lile lilikuwa gumu kudanganywa, kwa sababu halikuuliza kama mtu analijua neno. Lilipima ulimi wenyewe, jinsi ulivyolelewa mahali fulani.

Neno la siri la kompyuta liko kinyume kabisa. Nywila, kama vitabu vya Kiswahili sanifu vinavyoiita, au «mot de passe» kama wengi wetu tunavyosema, ni mfuatano wa herufi na tarakimu tu. Mashine huulinganisha na kumbukumbu yake. Ukilingana, mlango unafunguka. Haina haja ya kujua ni kidole cha nani kilichobonyeza. Kwa hiyo neno la siri linaweza kuibwa, kununuliwa, kuazimwa au kubahatishwa, na katika mkono wa mwizi lina nguvu ileile liliyokuwa nayo katika mkono wa mwenyewe.

Udhaifu huo ulionekana mapema. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, katika chuo cha MIT nchini Marekani, Fernando Corbató na wenzake walitengeneza mfumo ulioruhusu watu wengi kutumia kompyuta moja, na kila mmoja akapewa neno lake la siri. Mwaka 1962 mwanafunzi mmoja wa udaktari, Allan Scherr, aliona muda aliopangiwa haumtoshi. Akaiomba mashine ichapishe faili lenye maneno ya siri ya watumiaji wote, nayo ikamchapishia. Alikuja kulieleza jambo hilo mwenyewe miaka mingi baadaye.

Amri 35 kutoka Dhaka

Sasa tutazame kilichotokea Bangladesh. Mabenki ya dunia huandikiana kwa kutumia SWIFT, mtandao wa ujumbe wenye makao yake nchini Ubelgiji. Ujumbe wake una mpangilio maalumu: nani anatuma, nani anapokea, kiasi gani, kwa sababu gani. Benki inayopokea ujumbe uliopita katika mlango halali huuamini.

Kwa mujibu wa mashtaka yaliyofunguliwa baadaye na serikali ya Marekani, wadukuzi walianza kwa barua pepe zilizotumwa kwa wafanyakazi wa benki hiyo. Zilionekana kutoka kwa mtu anayetafuta kazi, mwenye wasifu wake wa kusomwa. Aliyeufungua wasifu huo alikaribisha programu haribifu ndani ya mtandao wa benki. Wadukuzi wakakaa humo kwa muda mrefu, wakajifunza jinsi kazi inavyofanyika, wakapata majina na maneno ya siri ya wale wanaotuma ujumbe wa SWIFT.

Usiku wa Alhamisi tarehe 4 Februari 2016, amri 35 za malipo zilitumwa New York, katika benki ya Federal Reserve ambako Bangladesh ilikuwa imeweka akiba yake. Jumla yake ilikaribia dola milioni 951. Siku ilikuwa imechaguliwa kwa makini. Ijumaa na Jumamosi ni mapumziko nchini Bangladesh. Jumamosi na Jumapili ni mapumziko New York. Na Jumatatu iliyofuata ilikuwa sikukuu ya mwaka mpya wa Kichina huko Ufilipino, ambako sehemu kubwa ya pesa ilielekezwa. Tena printa ya Dhaka, ambayo kwa kawaida ilichapisha taarifa za malipo, ilikuwa imenyamazishwa.

Amri 5 zilikubaliwa. Dola milioni 81 zilifika Ufilipino na nyingi zikapotelea katika nyumba za kamari. Dola milioni 20 zilielekezwa Sri Lanka, kwa shirika lililoitwa Shalika Foundation. Hapo ndipo jambo linalotuhusu lilipotokea: katika ujumbe, neno «foundation» lilikuwa limeandikwa «fandation». Benki ya Deutsche Bank, iliyokuwa njiani kati ya mtumaji na mpokeaji, iliuliza maana yake, na pesa hizo zikarudishwa. Amri nyingine zilisimamishwa New York kwa sababu ya neno «Jupiter». Neno hilo lilikuwa sehemu ya anwani ya tawi la benki huko Manila, lakini pia lilifanana na jina lililokuwamo katika orodha ya vikwazo dhidi ya Iran. Marekani iliwashutumu wadukuzi wa Korea Kaskazini. Nchi hiyo ilikana.

Tuzingatie kwamba hakuna kufuli lililovunjwa New York. Kila amri ilikuja na jina la kweli na neno la siri la kweli. Kilichookoa mamia ya mamilioni ni maneno mawili, moja lililoandikwa vibaya na lingine lililofanana na jina la kutiliwa shaka.

Wala si lazima mwizi awe hodari kiasi hicho. Mwezi Mei 2021, kampuni ya Marekani iitwayo Colonial Pipeline ilifunga bomba lake kubwa la mafuta baada ya kushambuliwa. Wadukuzi walikuwa wameingia kwa akaunti ya zamani ambayo haikutumika tena, ila haikufungwa. Neno lake la siri lilikutwa miongoni mwa maneno yaliyovuja mtandaoni. Halikuwa neno rahisi la kubahatisha, lakini ugumu wake haukusaidia kitu, maana mwizi hakuhitaji kubahatisha. Kampuni ililipa bitkoini 75, zilizokuwa na thamani ya dola milioni 4.4 hivi.

Ujumbe ulioandikwa juu ya bahasha

Akishaingia, mdukuzi ana tatizo la pili. Lazima programu yake iliyo ndani iwasiliane naye aliye nje, na mawasiliano hayo yasionekane. Ili kuelewa jinsi inavyowezekana, ni lazima kwanza tujue kazi ya DNS, mfumo uliobuniwa na Paul Mockapetris mwaka 1983. Binadamu hukumbuka majina. Mashine hutumia namba. Kila tunapoandika jina la tovuti, kompyuta yetu huuliza: «Jina hili lina namba gani?» Swali hupelekwa kutoka seva moja hadi nyingine mpaka limfikie mwenye jina hilo, naye hujibu. Hayo hufanyika mara maelfu kwa siku katika ofisi yoyote, na walinzi wa mtandao huyaruhusu yapite, kwa kuwa bila hayo hakuna tovuti itakayofunguka.

Sasa mtu akimiliki jina fulani, yeye ndiye atakayepokea maswali yote yanayohusu sehemu za jina hilo. Basi swali lenyewe linaweza kubeba ujumbe. Ni kama kumwandikia mwenzako barua isiyo na kitu ndani, lakini juu ya bahasha, mahali pa jina la mtaa, ukaandika habari unayotaka kumpa. Posta itaibeba bila kuuliza, kwa sababu inatazama anwani tu.

Ndivyo ilivyokuwa katika Sunburst. Kampuni ya SolarWinds ya Texas ilitengeneza programu iliyoitwa Orion, iliyotumiwa na ofisi nyingi kusimamia mitandao yao. Wadukuzi walipenya katika kampuni hiyo wakapandikiza programu yao ndani ya matoleo mapya ya Orion. Kati ya Machi na Juni 2020, wateja wapatao 18,000 waliyapokea, yakiwa na sahihi halali ya kampuni. Programu ile ililala kwanza, hadi majuma mawili. Kisha ikaanza kuuliza maswali ya DNS kuhusu jina avsvmcloud.com, na mbele ya jina hilo ilitanguliza herufi zilizoonekana kama takataka. Herufi hizo zilikuwa jina la mtandao wa mwathirika, limeandikwa kwa fumbo.

Jibu nalo lilikuwa na maana yake. Namba kutoka fungu fulani ilimaanisha «nyamaza kabisa». Kutoka fungu jingine, «subiri». Na kwa wachache waliochaguliwa, jibu lilitaja jina la seva nyingine ya kwenda kupokea maagizo. Hata hapo, mazungumzo yaliigiza taarifa ambazo Orion yenyewe ilizituma kila siku kwa kampuni yake. Wadukuzi walifika hadi kutumia seva zilizo katika nchi ya mwathirika, ili mgeni asionekane ametoka mbali.

Kwa wale waliolengwa hasa, hatua ya kwanza ilirudi kwa sura mpya. Katika baadhi ya mitandao, wadukuzi hawakuridhika na maneno ya siri. Walichukua ufunguo ambao seva hutumia kutia sahihi vitambulisho vya watumiaji. Mwenye muhuri wa ofisi haibi tena vitambulisho vya watu. Anajichapia chochote anachotaka. Serikali ya Marekani ilisema kwamba idara 9 za serikali kuu na makampuni yapatayo 100 yaliingiliwa kweli. Mwezi Aprili 2021 Marekani na Uingereza ziliishutumu idara ya ujasusi ya nje ya Urusi, Urusi ilikana.

Nani aliyesoma vizuri

Shambulio hilo lilifichuliwa na kampuni ya usalama ya FireEye, ambayo yenyewe ilikuwa imeibiwa. Jambo lililowashtua lilikuwa dogo. Simu ya pili ilikuwa imesajiliwa kwa jina la mfanyakazi mmoja, ili itumike kuthibitisha anapoingia kwenye mtandao. Jina lilikuwa sahihi na neno la siri lilikuwa sahihi. Lakini kuna mtu aliyeuliza, na mfanyakazi akajibu kwamba simu ile si yake. Uchunguzi ulioanzia hapo ulifika hadi Orion, na tarehe 13 Desemba 2020 ulimwengu ukaambiwa. Baadaye watafiti waliyafumbua maswali ya DNS yaliyokuwa yamehifadhiwa, wakayasoma majina ya waathirika wengi. Maandishi yaliyofichwa yakawa ushahidi.

Hapa naona jambo ambalo kitivo cha lugha kinaweza kulielewa vema kuliko wengi. Kuna tofauti kati ya kukubali kwamba sentensi ni sahihi kisarufi na kuuliza kama mtu huyu, mahali hapa, wakati huu, angeisema. Mashine ni hodari kwa swali la kwanza. La pili hudai msomaji anayemjua msemaji. Mama wa Lubumbashi ambaye siku zote huandika «falanga» akituma ujumbe wa haraka unaosema «fedha», mtoto wake atashtuka kabla hajajua kwa nini.

Lakini tusijidanganye kwamba sikio letu linatosha. Aliyeiba akaunti anaweza kusoma ujumbe wote wa zamani na kuiga mtindo, kama Sunburst ilivyoiga Orion. Kosa la «fandation» lilikuwa bahati. Mwizi wa leo ana programu za kumsahihishia tahajia. Ndiyo sababu ulinzi mzuri huongeza njia ya pili: sauti inayojulikana ikiomba jambo lisilo la kawaida, tuulize kwa njia nyingine, kwa simu au uso kwa uso.

Kwetu mambo haya si ya mbali. Ninaona barua pepe za promosheni ambazo neno lake la siri linajulikana na darasa zima na kurithiwa mwaka hadi mwaka. Ninaona wenzetu wakimtajia mchapaji neno la siri kwa sauti, mbele ya foleni, ili aitoe TFC yao kwenye akaunti. Ninaona wazee wakimpa wakala wa simu namba ya siri ya pesa zao awaandikie. Katika barua pepe moja mna utafiti wa miaka miwili, mahojiano ya watu waliotuamini wakasimulia habari zao, na mara nyingi ufunguo wa akaunti nyingine zote.

Basi ningependekeza mambo manne. Kila akaunti iwe na neno lake, ili moja likivuja mengine yasifuate. Uthibitisho wa pili kwa simu uwashwe, na namba inayotumwa isitajwe kwa mtu yeyote. Mara kwa mara tufungue orodha ya vifaa vilivyounganishwa na akaunti zetu na kuuliza, kama walivyouliza FireEye, kila kimoja ni cha nani. Na mkuu wa promosheni anapomaliza zamu yake, neno la siri libadilishwe siku hiyohiyo, na akaunti isiyotumika tena ifungwe.