Utamu wa Jani na Utumwa wa Ulimi

Saa nne ikifika, chumba cha walimu hujaa. Birika la chai hutangulia na kopo la sukari hufuata. Kwa miaka mingi nilitia vijiko vitatu katika kila kikombe pasipo kuwaza, hadi daktari aliponionya kwamba sukari katika damu yangu ilikuwa ikipanda. Mwalimu mwenzangu alinihurumia, akaniletea majani makavu ya stevia. Nilipoyatia birikani nilistaajabu: chai ilikuwa tamu, ila iliniachia uchungu kidogo ulimini.

Asili ya mmea huo ni Paraguay, ambako Waguarani wameutumia tangu kale kukoleza mate, kinywaji chao cha majani. Mwaka 1899 mtaalamu wa mimea Moisés Bertoni, mzaliwa wa Uswisi, aliueleza kisayansi. Hapa kwetu umewahi kulimwa Kericho, nyumbani kwa chai yenyewe. Unga uliosafishwa kutokana na majani yake huishinda sukari kwa utamu mara 200 hadi 300, wala hauipandishi sukari ya damu.

Je, tumepata mwarobaini? Hebu tupige hesabu kwanza. Kijiko kimoja cha chai hubeba takriban gramu 4 za sukari. Vikombe vitatu kwa vijiko vitatu ni gramu 36, ilhali Shirika la Afya Duniani linasema afadhali mtu mzima asizidishe gramu 25 hivi kwa siku. Hapana shaka jani hili humwondolea mtu mzigo huo.

Hata hivyo, mwaka 2023 shirika hilohilo lilishauri kwamba vitamu visivyo sukari, stevia ikiwemo, visitegemewe katika kupunguza uzito. Ushauri ambao haukuwagusa wale ambao tayari wana kisukari. Aidha, kilichopimwa na kukubaliwa na wataalamu ni ule unga uliosafishwa, si jani lenyewe.

Kwa maoni yangu, stevia ni mkongojo, si mguu. Ukibadilisha kopo na usibadilishe ulimi, utumwa ni uleule. Mimi nimepunguza utamu kidogo kidogo, na sasa ninaionja chai yenyewe, ambayo kumbe sikuwa nikiijua.

Walimu wenzangu, wanafunzi hutuiga hata tusipofundisha. Nanyi wanafunzi, anzeni mapema. Mazoea yana taabu, lakini huvunjwa kwa mazoea mengine.