Kasungami: mbunge wa jimbo anaweza kuahidi nini?

Kila kampeni, wakaaji wa kata ya Kasungami, mtaa wa Annexe mjini Lubumbashi, wanaahidiwa maji, umeme na barabara. Lakini maji ni kazi ya Regideso na umeme ni wa SNEL, makampuni mawili ya serikali yanayoongozwa kutoka Kinshasa. Mbunge wa jimbo hana amri juu yao.

Kazi yake ni nyingine. Katiba ya 2006 inamruhusu kupiga kura juu ya sheria na bajeti ya jimbo, na kumwita gavana ajibu namna feza zinavyotumika.

Huko Haut-Katanga nguvu hiyo si ndogo. Kwa sheria ya madini ya 2018, asilimia 25 ya ushuru wanaolipa wachimbaji juu ya madini wanayouza ni ya jimbo.

Wabunge waliochaguliwa Desemba 20, 2023 wana muhula wa miaka 5. Basi mgombea akirudi na ahadi ya barabara, raia amuulize: iko kwenye mstari gani wa bajeti, na wewe ulipiga kura gani?